T Zote

Nafundisha kompyuta sekondari, Tanga. Mtihani wangu wa kwanza wa usalama wa mtandaoni niliuona mzuri sana. Niliokota meseji 20 za wizi kwenye simu za walimu wenzangu: ile hela tuma kwenye namba hii, mganga wa utajiri, mwanao amezidiwa shuleni tuma ya matibabu. Kidato cha pili wakaandika T kwa tapeli, S kwa salama.

Mvulana mmoja akapata 20 kwa 20. Nikamsifia mbele ya wenzake. Mapumziko akanifuata, haoni hata aibu: "Ticha, mimi niliandika T zote."

Nilichopima kilikuwa woga. Mtihani wa pili nikachanganya: 10 za wizi, 10 za kweli, zikiwemo taarifa ya bando kuisha na mama anayeuliza nauli ya kurudi. Sasa kila karatasi ina hesabu mbili: matapeli aliowanasa, na watu wema aliowasingizia. (Hesabu hii si yangu, asili yake ni watazamaji wa rada, waliotakiwa kutenganisha ndege na alama za bure kwenye kioo.) Bingwa wangu alinasa wote 10, akasingizia wote 10. Mama yake mwenyewe angekosa jibu la nauli.

Ila kilichoninyima usingizi ni namba sita za WhatsApp, zile zinazotumwa kwako mtu anapotaka kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Meseji moja niliiweka mara mbili, maneno yaleyale: "Samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, nitumie." Mara ya kwanza kutoka namba ngeni, mara ya pili kutoka kwa rafiki. Wengi waliomnyima mgeni walimpa rafiki, akiwemo binti aliyekuwa ameandika insha safi kuhusu siri ya nywila. Nikamuuliza imekuwaje.

"Mwalimu, huyu si mtu baki."

Akaunti ya rafiki ikishaibwa, mwizi huandika kwa jina la rafiki. Binti alikuwa amempima anayeomba, kinachoombwa hakukitazama. Nami kwa miaka nimewafundisha wajihadhari na wageni!

Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo nimpigie kwanza, nisikie sauti yake?"

"Ndiyo, umjulishe huenda akaunti yake imeibwa. Ila namba sita usimpe hata yeye."

"Na kama sina salio?"

Swali hilo kwenye mtihani wangu halikuwamo.