Kochi la Wageni wa Leicester

Ukihamia nyumba ya enzi za Malkia Victoria hapa Leicester, majirani Waingereza watataka kujua kama kochi lako linaendana na umri wa nyumba. Ukipiga simu Unguja, watu wa kwetu watataka kujua ukumbi unakalisha watu wangapi. Mimi na mume wangu tumezunguka madukani na maswali yote mawili, na nimegundua kwamba hayagombani.

Tuanze na chumba chenyewe. Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na mitaa mingi ya Leicester yenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta ilijengwa miongo ya mwisho ya utawala wake, mji ulipokuwa ukitanuka kwa viwanda vya soksi na viatu. Chumba cha mbele ni kidogo, ila dari yake iko juu na ina nakshi za plasta. Dirisha limechomoza kuelekea barabarani, na dohani ya meko imetokeza ukutani. Ukitoa mlango, dirisha na dohani, unabakiwa na ukuta mmoja wa kuegemezea kochi. Lile kochi la kona linalopigiwa debe kila duka litakula chumba chote na kuziba dirisha. Linalofaa ni la watu watatu, mgongo mfupi, miguu inayoonekana. Sakafu ikionekana chini ya kochi, chumba hupata nafasi. Na kabla hujafikiria rangi, pima mlango. Milango ya vyumba hivi mara nyingi haifiki sentimita 80, na ukishaupita wa nje kuna ujia mwembamba wenye kona kali. Hakikisha miguu ya kochi inafunguka.

Wenyeji ukiwauliza, wengi watakutajia Chesterfield: mikono na mgongo viko usawa mmoja, kingo zimekunjwa kwa nje, vifungo vimezama ndani ya ngozi. Vifungo vile vilikuwa na kazi. Makochi ya karne ya 19 yalijazwa singa za farasi juu ya springi, na uzi wa kifungo ulipenya hadi nyuma kuzizuia singa zisihame. Niliwahi kuliinamisha moja katika duka la vitu vya kale. Gunia la chini lilikuwa limechanika, singa nyeusi zinachungulia, na kila springi imefungwa kamba pande nane ili isiyumbe. Ukibonyeza, kiti kinausukuma mkono polepole, tofauti kabisa na sponji. Lakini kulinyanyua, hata upande mmoja, kulitaka watu wawili. Anayetaka la mtumba aangalie pia lebo: kanuni za usalama wa moto za 1988 zinawabana wauzaji wa makochi yote isipokuwa yale yaliyotengenezwa kabla ya 1950, na maduka ya hisani hayapokei kochi lisilo na lebo hiyo.

Kwetu Mji Mkongwe nyumba nayo ina amri zake. Vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita 3. Viti hupangwa kufuata kuta, katikati panabaki wazi. Hewa ya chumvi hutia kutu springi, na masika ngozi huota ukungu. Ndiyo maana wazee walipenda viti vya kusukwa kwa kamba, vinavyopitisha upepo. Sisi wa ughaibuni tunalijua hilo, na bado tunapakia kwenye kontena seti za ngozi nene zilizoundwa kwa nchi ya baridi. Zikifika hazipiti kwenye ngazi. Zikipita, mgeni aliyekalia ngozi mchana wa joto huinuka shati limemganda mgongoni.

Sasa rudi kwenye chumba cha mbele cha Leicester, uulize kilikuwa cha nini. Familia ya enzi hizo iliishi chumba cha nyuma na jikoni. Cha mbele kiliwekewa wageni, Jumapili, posa, na maiti akisubiri mazishi. Watoto hawakuruhusiwa kuchezea humo. Wanaume walijipaka mafuta ya Macassar kichwani, kwa hiyo migongo ya viti ilitandikwa vitambaa vya kufuma ili isichafuke. Msomaji wa Unguja, Tanga au Mombasa haoni ajabu yoyote hapa. Mama yangu ana kochi la sponji la mafundi wa mtaani, lina vitambaa vyeupe vya kufuma kila mgongo, na mtoto akipanda na viatu atasikia jina lake mpaka barabarani. Jirani yangu hapa amevunja ukuta kati ya vyumba viwili, ametundika televisheni juu ya meko, na hula chakula cha jioni amejinyoosha kwenye Chesterfield. Kochi lake ni la Victoria, lakini mwenye adabu ya chumba cha Victoria ni mama yangu.

Hata hivyo, kutenga chumba kwa ajili ya wageni kuna gharama. Unguja mgeni hupiga hodi tu, na viti havikai bure. Hapa hutuma ujumbe wiki nzima kabla, na chumba kisichokaliwa hulipiwa joto vilevile. Kukitunza kwa heshima peke yake ni ubadhirifu, na watoto wetu hawatakubali.

Ila sisi tuna siku zetu. Kukiwa na hitima, maulidi au msiba, viti hutolewa, mikeka ikatandikwa, na chumba kilichokalisha saba kikakalisha ishirini. Kipimo hicho ndicho kilichoamua. Tumenunua kochi la watu watatu la kitambaa cha sufu, miguu ya mbao, mgongo ulionyooka, ambalo watu wawili wanalinyanyua na kulipitisha mlangoni bila kufungua chochote. Halina vifungo hata kimoja, na jirani ameshaniambia kwa upole kwamba haliendani na nyumba. Nimemkaribisha maulidi, akae nasi mkekani.