Alivyopokelewa Ndivyo Atakavyorudi

Mwisho wa mwezi, simu zinazotufikia katika ofisi za katikati ya Nairobi kutoka nyumbani mashambani hazina mengi mapya: karo, matanga, na mke wa ndugu anayekaribia kujifungua. Hiyo ya tatu tunaimaliza upesi. Tunatuma nauli ya bodaboda kwa M-Pesa, tunasema, "Mpelekeni hospitali, si ni bure?" kisha tunarudi kwenye kazi zetu. Tangu Juni 2013, serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, wengi wetu tunaamini kwamba pesa ndiyo iliyokuwa kikwazo na kwamba kimeondoka.

Kitabu cha kliniki cha wifi yangu kilinifundisha jingine. Anaishi Kakamega, na alikuja kwetu Kangemi akiwa na mimba ya miezi saba. Kitabu kilikuwa na tarehe moja tu. Uzito umeandikwa. Presha, mstari mtupu. Kiwango cha damu, mstari mtupu. Ukurasa wa mpango wa kujifungua, ule unaouliza utajifungulia wapi, nani atakusindikiza na nani atakutolea damu ikihitajika, haukuwa umeguswa na kalamu.

"Mbona ulienda mara moja tu?" nilimuuliza.

"Dada, nilienda kuchukua kitabu. Ukifika na uchungu bila kitabu utafokewa mbele ya watu."

"Na presha?"

"Walisema mashine imeharibika. Nilipouliza nirudi lini, nikaambiwa nisome mwenyewe, kwani sikuenda shule?"

Alikuwa ameshaamua kujifungulia kwa mkunga wa kijijini. "Yule mama akiniona huniuliza kwanza kama nimekula," akasema. Wala hakuwa mshamba asiyejua faida ya hospitali. Alikuwa amepima mapokezi mawili na kuchagua yale yaliyomthamini.

Wanawake wa namna yake ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban wajawazito 98 katika kila 100 walihudumiwa na mtaalamu angalau mara moja, lakini waliofikisha mahudhurio manne walikuwa 66 tu. Shirika la Afya Duniani limependekeza manane tangu 2016. Kwa hiyo wengi mno mlango wa kliniki wanaujua. Waliupita, wakaona kilichomo, wengine hawakurudi. Miaka kumi na kitu iliyopita, watafiti wa mradi wa Heshima waliwauliza akina mama waliotoka kujifungua katika vituo 13 vya Kenya, na mmoja katika kila watano akasema alidhalilishwa au kutendewa vibaya kwa namna fulani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma zilivunjwa, na ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Habari kama hiyo inazunguka vijijini, kisimani na sokoni, kwa kasi isiyofikiwa na tangazo lolote la wizara.

Siwalaumu wauguzi kwa jumla. Muuguzi mmoja akiwa na foleni ya akina mama tangu alfajiri, bila glavu za kutosha, uvumilivu humwishia. Lakini kuwa na mashine ya presha inayofanya kazi ni jukumu la anayepanga bajeti ya kaunti. Na mkunga wa kijijini, pamoja na upole wake wote, hana damu ya kumwongezea mzazi anayevuja, wala jicho lake haliwezi kuiona presha iliyopanda.

Ya wifi ilikuwa imepanda. Tulimpeleka kituo cha afya huku magharibi mwa jiji, na muuguzi akamketisha, akampima, akasubiri, akampima tena: 150 kwa 100. Akamweleza polepole maana yake, akamwonyesha dalili za hatari, akajaza ule ukurasa mtupu pamoja naye. Wifi aliuliza maswali ambayo sikujua alikuwa nayo. Hakuna aliyembembeleza aende hospitali. Aliikubali rufaa mwenyewe, akajifungua salama wodini.

Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba kutuma nauli ni kumaliza wajibu. Wewe unayesoma haya ukiwa na dada, mke au wifi mjamzito mbali nawe, simu ijayo muulize: presha ilikuwa ngapi, damu ilikuwa ngapi, na waliongea nawe vipi? Akikosa jibu, mtafutie kituo kingine na mtu wa kumsindikiza. Akikwambia ni 140 kwa 90 au zaidi, au kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, asingoje tarehe iliyoandikwa kitabuni. Aende leo.