Kuhusu malaika, mafuta na ile nyumba ya mtoni

Kawangware

Mpwa wangu mpendwa,

Mtoto mpe pole ya kifua. Ujumbe wako niliusoma nikaona majibu yake hayatoshi kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Umeuliza kama kweli kila mtu ana malaika wake, na kama anaye, yule wa mtoto wa jirani yenu aliyesombwa na maji hapo Lindi alikuwa wapi. Halafu, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukasema umenunua mafuta ya upako, umeupaka mlango, na kwa hiyo mvua hizi huhami.

Nianze na lililo jepesi. Yesu, akizungumza juu ya wadogo, alisema malaika wao huko mbinguni huuona uso wa Baba daima. Liko katika Mathayo 18. Kutokana na hilo Wakatoliki hufundisha kwamba kila mmoja wetu ana malaika mlinzi, na huwaadhimisha Oktoba 2. Sisi wa upande huu wa Kiprotestanti wengi tunasita kuhesabu mmoja kwa mmoja, lakini hakuna Mkristo anayesoma Waebrania 1 akakana kwamba wanatumwa kutuhudumia. Amini hilo bila wasiwasi. Ila usiwaombe wao. Yohana alipoanguka miguuni pa malaika kule mwisho wa Ufunuo, alikatazwa papo hapo na kuambiwa amsujudie Mungu. Sasa mtu akikuuzia chupa na kukutajia malaika wa mlango kwa jina, mwulize jina hilo amelisoma wapi. Mimi katika Biblia yangu nawajua Mikaeli na Gabrieli, na jirani yako Mkatoliki atakuongezea Rafaeli wa kitabu cha Tobiti. Basi.

Umeniandikia Zaburi ya 91, ile ya malaika kukuchukua mikononi usijikwae. Ni zaburi nzuri, na bibi yako aliijua kwa moyo. Lakini fungua Mathayo 4 uone ni nani anayeitaja humo. Ni Ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, akimhimiza Yesu ajitupe chini kwa sababu imeandikwa. Yesu hakusema zaburi ni ya uongo. Alikataa kumjaribu Mungu, wala hakujirusha. Ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu anayetembea njia yake haikuandikwa kwa ajili ya kujirusha. Na kulala na mtoto mchanga hatua chache kutoka Mto Ngong, mwezi wa nne, mtaro ukiwa umeziba kwa takataka, mimi naona kunakaribia sana kile kinara.

Najua utaniambia habari ya damu kwenye miimo ya milango kule Misri. Ndiyo maana nimeirudia Kutoka 12 jana usiku. Hao waliopaka damu waliagizwa wale wakiwa wamefunga viuno, viatu miguuni, fimbo mkononi. Usiku huohuo Farao akawaamuru watoke, wakabeba unga uliokandwa hata haujatiwa chachu. Wewe umechukua ile damu ya mlango ukaacha viatu.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Pitia malaika wote unaowajua katika Maandiko, uangalie wanapookoa wanafanyaje. Kwa Lutu walimshika mkono yeye na mkewe na binti zake, wakamtoa mjini huku bado anakawia. Kwa Petro gerezani, Matendo 12, minyororo ilianguka na lango la chuma likafunguka lenyewe, lakini kufunga mshipi na kuvaa viatu aliambiwa afanye mwenyewe. Kwa Yusufu, malaika alikuja ndotoni akamwambia amchukue mtoto na mama yake, akimbilie Misri. Naye akaondoka usiku uleule. Hakupewa ukuta wa moto kuizunguka nyumba ya Bethlehemu. Aliambiwa ahame. Danieli alikaa na simba, kweli, lakini Danieli alitupwa mle, hakulipa kodi.

Sasa lile swali zito. Watoto wengine wa Bethlehemu waliuawa. Mathayo haandiki kwamba baba zao nao waliota ndoto. Na katika sura ile ile ya 12 ya Matendo, kabla Petro hajatolewa, Herode anamuua Yakobo kwa upanga, na Luka analitaja kwa mstari mmoja, bila sababu. Mimi sina sababu ya kukupa ambayo Luka hakuitoa. Karoli Lwanga na wenzake, wale mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa Namugongo Juni 3, 1886, na sijawahi kusikia mtu akisema imani yao ilikuwa haba. Kwa hiyo yeyote atakayemwambia mama wa yule mtoto aliyesombwa kwamba hakuomba vya kutosha, au hakununua mafuta, mzuie hapo hapo mlangoni. Yesu mwenyewe alisema angeweza kuomba zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika, na hakuyaomba. Huyo mama mpelekee uji, ukae naye. Malaika wa Gethsemane alikuja kumtia Yesu nguvu, na kikombe kikabaki pale pale.

Lakini kwa sababu hatujui nani ataota ndoto, ndiyo maana aliyeonywa asikae. Mafuriko ya mwaka 2024 uliyaona mwenyewe. Idara ya hali ya hewa ilisema mapema, mvua ikaja, Mai Mahiu ikafagiwa alfajiri ya Aprili 29 na watu zaidi ya arobaini wakafa. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, tingatinga zikafuata Mathare na Mukuru. Sitaiita tingatinga malaika. Iliwaacha wengi bila pa kulala. Onyo, hata hivyo, lilikuwa onyo.

Najua hukai mtoni kwa kiburi. Unakaa kwa sababu chumba cha huko juu, upande wa Makina, kodi yake ni nyingine, na landilodi anataka diposti. Eliya alipochoka akalala chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji kwanza, ndipo akamtajia safari. Kwa hiyo nimezungumza na anti yako. Diposti tutaitoa sisi, na kodi ya mwezi wa kwanza tutagawana nawe. Usipande mbegu kwa mtu yeyote na pesa hizo.

Jumamosi asubuhi nitakuja na kijana mwenye mkokoteni, mapema kabla njia haijajaa. Godoro lifunge kwa nailoni, jiko lizimwe tangu usiku. Kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha mtoto viweke kwenye mkoba wako mwenyewe, visipande mkokoteni.

Ni mimi mjomba wako.