Sema Kwanza

Wiki sita za mwanzo sikuigusa tabla. Nilikuwa Pune, India, nikisoma uhandisi, na jioni nilikaa sakafuni mbele ya mzee mmoja, miguu nimeikunja, nikisema tu: dha, dhin, dhin, dha. Kila pigo la tabla lina jina, na jina lenyewe linaiga sauti yake. Usichoweza kukisema, aliniambia, mkono wako hautakiweza.

Mimi mtoto wa Mombasa, hayo hayakunishangaza sana. Madrasa tulisoma vivyo hivyo: ustadh anatamka, sisi tunarudia mpaka neno likae. Huyu naye tulimwita Ustad. Na tungo za mwanzo anazokufundisha zinaitwa qaida, kumbe ndo ile kaida yetu: kanuni inabaki, wewe unaigeuza-geuza bila kuivunja.

Mzunguko mkuu, teental, una mapigo 16 katika mafungu manne. Ukihesabu kwa mkono, unapiga kofi kwenye la 1, la 5 na la 13. La 9 hulipigi. Unapunga kiganja tu hewani. Hapo panaitwa khali, yaani patupu. Ngoma nzito ya mkono wa kushoto inanyamaza kidogo, kisha inarudi kukuvuta hadi moja. Ustad alinikalisha hapo kuliko kwingine kote. Kelele kila mtu anaweza, bana. Kazi ni kunyamaza bila kupoteza hesabu.

Siku moja nilitoa simu nirekodi. Akaifunika kwa kiganja, polepole.

“Beta, hii ikiibiwa kwa basi, utabaki na nini?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwanawe anafanya kazi ya kompyuta, wajukuu hawataki kukaa sakafuni. Tungo alizopewa na mwalimu wake hajaziandika popote. Baadhi sasa ziko kinywani mwangu, mimi niliyekuja na viza ya mwanafunzi.

Ni kweli, YouTube imejaa masomo. Zakir Hussain, aliyefariki Desemba 2024, yuko humo na kasi yake yote, bure. Lakini hata yeye alikuwa akisimulia kwamba baba yake, Alla Rakha, alimtamkia mapigo sikioni alipozaliwa, pale ambapo wengine wangesoma dua. Video unaweza kuirudia mara mia, ila yenyewe haikusikii. Ustad hunisimamisha kwa pigo moja lililochelewa, akiwa amefumba macho, chai mkononi.

Viza ikiisha nitarudi nyumbani, ambako tabla imesindikiza taarab miaka mingi. Sina uhakika nitakuwa mpigaji wa maana. Ila nina qaida saba za mzee mwenye pumzi fupi, na kila asubuhi nazisema zote, kwa sauti, kabla sijafungua simu.