Mzee Aliyening'inia kwenye Paipu

Mwaka 1989, nilipokuwa msaidizi wa fundi wa stima mjini Kitui, paipu za kupitishia nyaya zilikuwa za chuma. Tulizikata kwa msumeno, tukazitia uzi kwa dai na mafuta, tukazipandisha kwenye mbao za paa la darasa. Sado, yaani kibano cha kushikilia paipu, moja kila futi tano na kitu, na nyingine karibu na kila kona na kila boksi. Plagi za plastiki hatukuwa nazo: ukutani tulichonga vijiti vya mbao, tukavigongomea ndani ya tundu, ndipo skurubu ikapata pa kushika.

Kazi ikiisha, mzee, yaani fundi wangu, alipanda ngazi, akashika paipu kwa mikono miwili, akaning'inia. Nilidhani ni mbwembwe.

"Paipu hii ndiyo athi, kijana," aliniambia. "Ikilegea, viungo vinaachana. Vikiachana na mtoto aguse swichi ya chuma, stima itapitia wapi?"

Kweli, waya wa athi hatukuuvuta. Umeme ukipotea njia, chuma chenyewe ndicho kilichoupeleka ardhini.

Baadaye zikaja paipu za plastiki: nyepesi, rahisi, hazijui kutu. Gundi ikachukua nafasi ya dai, na athi ikapewa waya wake wa kijani na manjano. Nikaona yale ya mzee yamepitwa na wakati. Kisha mwaka 2015 serikali ikapunguza ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na simu yangu haikupumzika, kuanzia Mutomo hadi Wote. Kila mtu alitaka taa kabla ya Krismasi. Mimi nikawa naruka sado: moja hapa, nyingine kule mbali, mradi paipu isianguke nikiwa bado pale.

Mwaka uliofuata mama mmoja wa Makueni akanipigia. "Fundi, njoo uone nyoka uliyeniachia darini."

Nilipanda. Joto la mabati lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri. Paipu ilikuwa imelegea kati ya mbao na mbao, imejikunja kama kamba ya nguo, na kwenye boksi ilikuwa imechomoka, nyaya ziko wazi, panya wameshazionja. Plastiki hurefuka kwa joto kuliko chuma, na ikipata moto hulainika. Kumbe ndiyo iliyohitaji sado nyingi zaidi, nami ndiyo niliyoinyima. Nilirudia kazi nzima bila kumdai hata shilingi.

Kwenye paipu ya plastiki huwezi kuning'inia, utashuka nayo. Kwa hiyo vijana wangu nimewafundisha kutumia kidole. Kipitishe chini ya paipu, katikati ya sado mbili, uisukume juu. Ikicheza, usikunje ngazi.