Kosa la Nafsi

Mke wangu hakusomea sarufi, lakini swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa juu ya viambishi liliulizwa na yeye, tena akiwa anapepeta mchele. Nilikuwa nimeingia nyumbani jioni moja, shati la kijani limelowa jasho, nikatangaza toka mlangoni: "Tumeshinda!" Hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Hongera, baba Neema," akasema. "Wewe ulicheza namba ngapi?"

Wapenzi wa lugha, nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 37 tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Nimewaeleza vijana wasiohesabika kwamba "tu-" ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, na kwamba humjumuisha msemaji na wenziwe katika tendo. Swali la mama Neema liliniacha bila jibu. Msemaji alikuwa ameketi juu ya benchi la mbao, anatafuna karanga. Tendo alilitenda wapi?

Mimi ni Yanga kwa kurithi. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na katika miaka yake ya Dar es Salaam alichukua mambo mawili ambayo hakuyaacha hadi kufa: kikohozi cha tumbaku na klabu iliyoanzishwa mwaka 1935. Simba ilifuata mwaka 1936, na tangu hapo nchi nzima imegawanyika mafungu mawili, kijani na njano huku, nyekundu na nyeupe kule. Hata Morogoro ninapoishi, mji uliowahi kutoa bingwa wa nchi mwaka 1975 kwa jina la Mseto, ukimwuliza mtoto timu yake atakutajia mojawapo ya timu mbili za Kariakoo.

Sitakana kwamba lugha nayo ilinivuta. Watangazaji wa Radio Tanzania walikuwa walimu wangu kabla sijawa mwalimu, kwa kuwa walilazimika kumwonesha mpira mtu asiyeuona. Chukua neno kuotea. Maana yake ni kuvizia, kama mwindaji anavyomwotea mnyama. Mshambuliaji aliyejibanza nyuma ya mabeki akingoja pasi hana kosa jingine ila hilo, na mwamuzi anapopuliza filimbi huwa anasoma kamusi. Mpira ukiingia wavuni umetiwa kimiani, na kimia ni wavu wa mvuvi. Mchezaji akipitishiwa mpira juu ya kichwa, amevishwa kanzu, vazi la heshima linalomvunjia mtu heshima mbele ya maelfu.

Nazipenda zaidi sare na suluhu. Timu zikifungana mabao sawa, wanahabari wetu husema zimetoka sare; zisipofungana kabisa, zimetoka suluhu. Tofauti hii nimeitumia nyumbani kwa faida kubwa. Siku tuliyorushiana maneno kwa kiwango kimoja, mimi na mama Neema tumetoka sare. Siku ambayo kila mmoja amenuna kutwa nzima bila kutamka neno, tumetoka suluhu. Yeye huona kwamba mwaka wetu una suluhu nyingi mno.

Lakini nilitaka kuzungumzia "tu-".

Tarehe 19 Julai 1977 nilikuwa likizo nyumbani Kilosa, kijana wa miaka 18. Asubuhi baba alianika betri za redio juani ili zipate nguvu, na jioni tukaizunguka redio kama wagonjwa wanaomngoja mganga. Wazee wa Simba hawatanisamehe nisipoyataja matokeo: tulifungwa 6 kwa 0. Abdallah Kibadeni peke yake alitia matatu, na moja kati ya hayo sita tulijifunga wenyewe, jambo ambalo kisarufi linahitaji kiambishi "-ji-" na kwa upande wa moyo halina dawa. Majirani walitukana kipa, wakatukana kocha, wakasema timu imeuza mechi. Baba alizima redio, akazitoa betri moja moja. "Tumefungwa," akasema. "Twendeni tukale."

Nilikula nikilia. Sikulitambua wakati ule somo nililopewa. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia baba akisema "wamefungwa" juu ya Yanga.

Miaka ikapita, nikaajiriwa, na katika shule ya mwisho niliyofundisha nikakutana na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, Simba wa kuzaliwa. Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Mtani, kwa kuwa ndivyo tulivyoitana kwa miaka yote. Alikuwa mshairi hodari wa bahari ya tarbia, aliyepima mizani kwa kugonga meza kwa kidole cha shahada. Utani wake mkubwa ulihusu kalamu nyekundu. "Mtani," alipenda kuniambia mbele ya walimu, "wewe Yanga, lakini mkate wako wote unaula kwa rangi yangu." Sikuwa na jibu. Nilijaribu muhula mmoja kusahihisha kwa wino wa kijani, mkuu wa shule akaniita ofisini.

Wageni wa nchi yetu husikia "watani wa jadi" wakadhani ni maneno mazuri ya kuita uadui. Utani ni mkataba. Mnyamwezi na Mzaramo wanaruhusiwa kutukanana na kunyang'anyana vitu bila kesi. Na palipo na msiba, mtani ndiye anayefika na kuwachekesha wafiwa hata pale ndugu wa damu wameishiwa maneno. Haki ya kutukana inalipiwa kwa wajibu wa kufika. Nililifundisha jambo hili darasani mara nyingi katika mada ya fasihi simulizi, na nikampa alama zote mwanafunzi aliyelieleza vizuri.

Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilitufunga 5 kwa 0. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilifika shuleni mapema kuliko mlinzi, nikitumaini kwamba nikishaketi nitaonekana sehemu ya samani. Haikufaa kitu. Chumba cha walimu kilipojaa, mmoja akaniuliza habari za jana. Mimi, mtoto wa yule mzee wa Kilosa, nikajibu: "Wamefungwa, bwana. Wale vijana hawajitumi."

Wote walicheka isipokuwa Mtani. Aliinama akaandika jambo kwenye karatasi, kidole cha mkono wa pili kikigonga meza, kisha akanisukumia. Juu aliandika kwa wino mwekundu, "Kosa la nafsi," akalipigia mstari. Chini yake palikuwa na ubeti huu:

Jana "sisi" mdomoni, kwa mapambo ikapangwa,
Leo "sisi" i shimoni, ni "wao" wanaozongwa,
Nakuuliza yakini, hiyo nafsi yagangwa?
Si aibu asilani, kutamka "tumefungwa".

Nyinyi mnaoijua lugha mmekwisha kuona alivyonikamata. Nafsi ni istilahi ya sarufi, na nafsi ni roho ya mtu. Nilikuwa nimekosea zote mbili kwa kiambishi kimoja. Karatasi ile nimeihifadhi ndani ya kamusi, penye herufi N.

Agosti 2023, sote tukiwa tumestaafu, Mtani alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamtoroka. Ilikuwa tabu kumtazama mtu aliyekuwa na vina vya akiba kwa kila tukio akihangaika kulitamka neno "maji". Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, nami nilikwenda kumwona mara tatu kwa wiki. Nilimpelekea maembe, nikamsomea magazeti. Kidogo kidogo, pasipo kukusudia, nikaanza kusema naye kama mtu anavyosema na mtoto. Kurasa za michezo nilikuwa nikizifunua haraka.

Ikafika tarehe 5 Novemba, Jumapili nyingine. Mechi niliitazama kwenye banda la kuoneshea mpira, lile ambalo vijana huliita kibanda umiza, nami nikiwa kwenye kiti cha plastiki nilichoachiwa na mwanafunzi wangu wa zamani. Tulikwenda mapumziko 1 kwa 1. Kipindi cha pili tukatia manne. Tano kwa moja! Tangu lile deni la 2012, miaka 11 na miezi sita nilikuwa nikiingoja jioni hiyo. Njiani bodaboda zilipita zikipiga honi, vijana wamejifunga bendera, nami nilikuwa na utani uliopangwa tayari kwa vina.

Nilipoikaribia nyumba ya Mtani, miguu ikawa mizito. Nikarudi kwangu kwanza, nikavua jezi, nikavaa shati jeupe. Mkewe alinipokea mlangoni kwa kunong'ona: "Shemeji, tafadhali, usimwambie. Presha yake haijatulia." Nikamwondoa shaka.

Nikaketi kando ya kitanda, nikazungumzia mvua za vuli. Nikazungumzia bei ya mahindi. Nje honi zilikuwa zikiendelea, nami nikapaza sauti kidogo ili mahindi yasikike. Mtani alinitazama tu. Kisha akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, ule mzima, akavitandaza vidole vyote vitano.

"Tu..." akasema. Akapumzika. "Tu... me... fu... ngwa."

Sikuweza kusema neno. Alipata pumzi, akaendelea, na kila silabi aliigonga kwa kidole juu ya godoro. "M... bo... na... hu... ni... ta... nii?"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekitenda kwa miezi mitatu. Katika mkataba wetu, mtani anayeacha kutania ameshahesabu kwamba mwenzake hayupo. Nilikuwa nimempeleka katika nafsi ya tatu angali hai, na yeye alikuwa amelala pale akilisikiliza kosa hilo kila nilipokuja na maembe yangu.

"Mshukuru Mungu tumeishia tano," nikamwambia, sauti ikinitetemeka. "Hilo la sita ungelionesha kwa kidole gani?"

Shemeji aliyekuwa mlangoni alishika kichwa. Uso wa Mtani ukajikunja upande mmoja, na kwanza niliogopa, kumbe anacheka. Alicheka hadi machozi, akavuta pumzi, akanijibu kwa maneno ambayo hakuna mtu wa Yanga aliyepata kuyajibu:

"Sa... bini... na saba."

Kuanzia wiki ile nilikwenda kwake kila siku, nikiwa na kijani mwilini na matusi ya kistaarabu mdomoni. Sitadai kwamba utani ulimponya. Alikuwa na mtaalamu wa mazoezi, na alikuwa na mke mwenye subira. Nasema tu kwamba mtu mwenye hamu ya kujibu hulitafuta neno kwa bidii. Leo anazungumza, polepole, akiruka ruka. Mkono wa kulia haujarudi. Mashairi hunisomea, nami huyaandika kwa ajili yake, kwa kalamu nyekundu, ndilo sharti lake.

Mwezi wa Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane. Ilikwisha kufungwa 2 kwa 0 ugenini, na marudiano yakapangwa Zanzibar, Uwanja wa Amaan, tarehe 25. Nilikwenda kwa Mtani nimevaa kijani, kwa nia mbaya. Desturi yetu inajulikana: Simba ikicheza na Wamorocco, mimi ni Mmorocco.

Simba ikapata bao mapema. Mtani akaushika mkono wa kiti. Lilibaki moja tu ili hesabu zilingane, na dakika zilikuwa zinakwenda. Kipindi cha pili mpira ukapita mbele ya lango la Berkane, hapakuwa na mguu wa kuumalizia, ukatoka nje. Nikajikuta nimesimama, mikono miwili kichwani.

"Tumekosa!" nikapiga kelele.

Chumba kikanyamaza. Shemeji aliacha kumimina chai. Wajukuu walinitazama, wakalitazama shati langu, wakanitazama tena. Mtani akageuka taratibu kwenye kiti chake.

"Mwalimu," akasema. "Kosa... la nafsi."

Mechi iliisha 1 kwa 1, Berkane ikisawazisha dakika za majeruhi, na kombe likaenda Morocco. Sikuona raha niliyoitarajia. Tulikunywa chai, tukamlaumu mwamuzi kidogo kwa ajili ya adabu, nami nikaaga. Kabla sijafika mlangoni Mtani akanirudisha. Alitaka ubeti wa pole, uliokamilika vina na mizani, kama ada ya mtani aliyefika msibani.

Mishororo mitatu niliipata usiku uleule. Kituo ndicho kinachonishinda hadi leo. Mama Neema anasema jambo ni dogo, niandike lolote nilale. Lakini mshororo huo unaanza na kitenzi, na sijaamua kama nikianze kwa "m-" au kwa "tu-".