Nyani, umeme na kibofu

Wadau, wiki nzima nimesoma habari za mkojo. Msicheke. Mtu akivunjika uti wa mgongo tunamsikitikia miguu, lakini kwa miaka mingi kilichowaua wengi ni figo: kibofu kisipomwaga, mkojo unarudi juu na figo zinaharibika.

Uingereza kulikuwa na mwanasayansi, Giles Brindley. Miaka ya 1970 aliwapandikizia nyani kifaa kinachopeleka umeme kwenye mishipa ya fahamu ya kibofu, kikiendeshwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya ngozi. Tatizo, mishipa hiyohiyo inakaza kibofu na inafunga mlango wake. Ukiwasha, unasukuma na kuzuia kwa pamoja! Dawa ikawa ni kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima. Msuli wa mlango hulegea upesi, wa kibofu hulegea taratibu. Umeme ukikatika kidogo mlango unaachia huku kibofu bado kimekaza, na mkojo unatoka. Sisi tuliozoea mgawo wa umeme hatukujua kama kukatika kwake kuna faida.

Mwaka 1978 kifaa kikafanikiwa kwa binadamu, na maelfu wamewekewa tangu hapo.

Wale nyani nawahurumia, hawakuulizwa. Lakini nawafikiria pia vijana wa bodaboda ninaowaona wodini nikifuatilia ajali, mpira wa mkojo ubavuni. Mhariri anataka idadi ya majeruhi tu, habari za choo hazitaki. Kati ya nyani na wale vijana, mimi nimeshachagua. Nyie je?